Mkunga na Meno Yangu Mawili

Mimi simwamini mtu anayekuja mbio kunisalimia. Simwamini pia anayeomba maji halafu akayanywa nusu. Wajukuu zangu hunicheka, wanasema bibi hukikagua hata kivuli chake kabla ya kukikanyaga. Na wacheke. Tabia hii sikuzaliwa nayo. Niliipata kwa jirani yetu, mwanamke ambaye kijiji kizima kilimwita Mkunga, na ambaye kwa miaka mingi niliamini kabisa kwamba ameniloga.

Nyumba yake ya tembe, ya paa bapa la udongo, na yetu zilitazamana, upande wa juu wa mbuga ya Bahi, pale ambapo mvua ikinyesha vizuri watu huvua kambare, na isiponyesha hubaki vumbi jeupe. Ilikuwa zama za Mjerumani. Boma lake lilikuwa mbali nasi, lakini askari wake waliijua njia ya kuja kwetu kuliko sisi tulivyoijua njia ya kwenda kwao.

Nianze na mikono, kwa sababu kwake kila kitu kilianza na mikono. Ukifika kwake hukukaribishwa. Uliambiwa, "Nionyeshe mikono." Ulinyoosha viganja, akavigeuza, akakukagua kucha, akakuvua bangili moja moja na kuziweka juu ya paa. Kisha, "Nyanyua mguu." Kama nyayo zako zilikuwa na mwiba, aliung'oa yeye mwenyewe na kuutupa motoni. Wachungaji waliacha fimbo na mikuki mbali, karibu na kichuguu. Siku moja mtumishi wa jumbe alikuja na kisu kiunoni, akasema yeye ni mtu wa serikali. Mkunga akamjibu, "Na kisu chako nacho ni mtu wa serikali? Kiache huko." Akakiacha.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya mjukuu wake. Mama yake mtoto, binti pekee wa Mkunga, alifariki siku ya kumzaa, mikononi mwa Mkunga mwenyewe. Baba alikufa kwa ndui akirudi kutoka pwani na mizigo ya watu. Akabaki bibi na mtoto. Siku mtoto alipotobolewa masikio, kama watoto wote wa Kigogo, hata kusimama alikuwa hajui. Walianza na sikio la kulia. Damu ikatoka siku hiyo, ikatoka kesho yake, ikaendelea kutoka mpaka mtoto akawa na rangi ya majivu na waliokuja kutazama wakaanza kuulizana atazikwa wapi. Alipona. Sikio la kushoto halikuguswa tena.

Mama yangu alikuwa rafiki yake, kama mtu yule anaweza kusemwa kuwa na rafiki. Nilijibanza nyuma ya kilindo cha nafaka nikamsikia Mkunga akimwambia, "Kaka zangu walikuwa hivi hivi. Mmoja aliondoka siku ya kung'olewa meno, mwingine siku ya jando. Wanangu wa kiume nao hivyo hivyo. Sisi wanawake hatuvuji damu. Tunabeba tu, tunawapitishia wao." Alisema hivyo huku akichambua mlenda, wala sauti haikubadilika.

Sasa niambie wewe: mwanamke ambaye kaka zake wamekufa, wanawe wa kiume wamekufa, binti amemfia mikononi, na yeye yuko pale pale, ana afya yake na meno ya juu kamili. Kijijini kwetu hilo lina jina. Watu walilitaja wakiwa mtoni, wakalitaja shambani. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi nilikuwa mtoto, nikalimeza lote.

Kwa kuzalisha, lakini, hakuna aliyemkimbia. Hilo ndilo lililonishangaza kwa watu wazima. Mwanamke akishikwa na uchungu, wale wale waliomsema walitimua vumbi kwenda kumwita. Naye alikwenda. Alimwacha mtoto kwa mama yangu, akampa masharti marefu: asipewe mua, asipewe nyama yenye mfupa, ugali upoe kwanza, asikimbie, asipande juu ya paa, asichezee vijiti. Kisha anarudi na kumkagua mwili mzima, mgongo, mapaja, chini ya ulimi. Akikuta doa jeusi la damu iliyovilia, alimgeukia mama yangu. "Hili alilipata wapi?" Mama yangu alikuwa mpole, mimi ningemfukuza.

Namna alivyomlea, hata mimi mwenye ulimi huu nakiri haikuwa kazi ya mtu mmoja. Kila asubuhi aliokota miiba uani akiwa amepiga magoti. Kucha za mtoto alizipunguza kwa meno yake, hakutumia wembe. Nywele hakumnyoa, zikawa kichaka, na watu wakasema anamfugia mizimu. Goti la mtoto lilipovimba, na lilivimba mara kwa mara bila hata kuanguka, alilizungushia ngozi laini iliyopakwa samli, akalimwagia maji ya mtungi uliokaa kivulini, akaketi naye hapo bila kula mpaka uvimbe ushuke. Mtoto alilia kwa maumivu mpaka sauti ikakauka. Bibi hakumwambia nyamaza. Alimwambia, "Lia, mwanangu, kilio hakikutoi damu." Nakumbuka nikilala nimeziba masikio nikimwomba Mungu goti lile lishuke, kisha naamka asubuhi na kuendelea kumshuku bibi yake.

Walipokuja watu wa chanjo ya ndui, pamoja na askari, kila mtu alipangwa mstari achanjwe mkononi. Mkunga alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alitusukuma sisi watoto mbele, akatukaripia, "Ndui ilimchukua mkwe wangu! Nyoosheni mikono!" Na wakati huo huo mjukuu wake alikuwa ndani ya kilindo, amefunikwa kwa mtama. Nilimwona akiingizwa. Nilijiuliza, kama dawa ile ni nzuri, mbona anamficha wake? Na kama ni mbaya, mbona anatusukuma sisi? Umri wangu ule sikuona jibu la tatu.

Nifike kwenye meno.

Kwetu Ugogo, mtu hung'olewa meno mawili ya mbele, ya chini. Asiye na pengo hilo huhesabiwa mgeni, hata kama amezaliwa zizini pako. Na mtu aliyeifanya kazi hiyo kwetu, kwa kichuma chake chembamba, alikuwa nani kama si Mkunga? Mkono ule ule uliookota miiba ya mjukuu ulitufungua midomo watoto wa wenzake na kung'oa bila kupepesa. Aling'oa yangu mwaka ule ule mjukuu wake alipotobolewa sikio. Jino langu moja lilikuwa limemeguka pembeni kwa sababu ya kuuma mbegu ya ubuyu, na mama alikuwa amenichapa kwa hilo. Desturi ni kwamba meno hupewa mama, naye huyazika zizini kwenu. Mkunga aliyakunja kiganjani, akaondoka.

"Meno ya mtoto yako wapi?" mama akamuuliza siku ya pili.

"Yaliangukia majivuni," akasema.

Uongo! Mdomo ulikuwa umejaa damu, lakini macho yangu yalikuwa mazima. Nilimwona akiyafunga kwenye kifuko cha ngozi kiunoni. Mtu mwenye sifa kama zake akibaki na meno yako, utalala? Mimi sikulala. Puani ikinitoka damu kidogo wakati wa kiangazi, nilijua ni yeye. Nilipovunja ungo nililia kutwa nzima, nikamwambia mama, "Ndiyo ile damu ya mjukuu wake, amenihamishia mimi." Mama alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikamshuku mama pia.

Baba mkubwa wa yule mtoto, kaka wa marehemu baba yake, aliishi mwendo wa asubuhi moja kutoka kwetu. Mtoto alikuwa wake kwa desturi. Bibi alikuwa amekopeshwa tu malezi. Akatuma neno: mtoto amekua, atakuja kuchukuliwa, ang'olewe meno kwao. Na hapo kila aliyejua habari za lile sikio alijua maana yake. Mtoto akiguswa na kichuma, atakufa. Mkunga alikwenda kwa wazee kueleza. Wazee wakamwambia kwamba mwanamke hana kauli juu ya damu ya ukoo wa watu, na mmoja akauliza, kwa sauti, kwa nini wanaume wote wa nyumba yake hufa na yeye yupo. Akarudi nyumbani.

Baadaye akafunga mlango. Kwa siku nyingi hakwenda kuzalisha mtu. Mama yangu peke yake aliruhusiwa kuingia, na alipotoka nguo yake ilikuwa na damu. Mlango ulipofunguliwa, mtoto alitolewa nje, amekonda, shingo kama ya kifaranga, na mbele, chini, ana pengo la meno mawili. Neno likatumwa kwa baba mkubwa: Mkunga amemng'oa mwenyewe.

Alikuja na mtu mwingine wa ukoo wao. Lakini kwetu mtu na mama mkwe hawatazamani uso kwa uso, wala haingii nyumbani mwake, na mama mkwe wa ndugu yako ni mama mkwe wako. Basi Mkunga akabaki ndani, wanaume wakakaa nje, na mimi, msichana wa jirani, nikawa mjumbe wao. Mtoto alifunguliwa mdomo, wakatazama. Kisha nikaitwa ndani, nikapewa ungo wenye meno mawili nikawaonyeshe.

Nusura niuangushe. Jino moja lilikuwa limemeguka pembeni.

Nikamgeukia Mkunga. Alikuwa ananitazama, na macho yale yalinifunga mdomo kuliko kamba. Sikujua anataka nini na meno yangu. Nilijua tu kwamba nikisema, na yeye atasema kitu, na chake kitakuwa kibaya zaidi. Nikayapeleka.

Baba mkubwa aliyageuzageuza. "Mbona makubwa kwa mtoto huyu?"

Ndani sauti ikaniambia, "Mwambie, kwani ndugu yake alikuwa na meno madogo?"

Nikamwambia. Mtu hawezi kumsema marehemu ndugu yake mbele ya watu, akaliacha. Lakini akasema atayachukua akayazike zizini kwao. Sauti ikasema, "Mwambie jeraha halijapona. Meno hukaa kwa aliyeyang'oa mpaka jeraha lipone." Desturi hiyo sijapata kuisikia tena popote, kabla wala baada. Baba mkubwa naye nadhani hakuwahi kuisikia, maana aliondoka akitikisa kichwa.

Nilimweleza mama. Akanifinya hadi nikaruka, akasema, "Funga mdomo. Yale ya utoto yamedondoka yenyewe, na kidogo yamuue. Mengine yataota. Umesikia? Funga mdomo."

Nilifunga mdomo lakini sikufumba macho. Tangu siku hiyo mtoto yule hakuonekana akicheka mdomo wazi. Alizungumza kwa midomo iliyobana, na jambo likimchekesha, kiganja kilikuwa mdomoni kabla ya sauti. Mimi nilitaka kuona. Nilimwigizia mbweha aliyeiba samli na kukwama kichwa mtungini, nikajitupa chini, nikachezesha masikio. Mtoto alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka, na mkono uko pale pale mdomoni. Mkunga alinitazama kutoka mlangoni. "Wewe," alisema, "una macho ya askari." Sijui kama lilikuwa tusi au sifa.

Nilipokwisha kuolewa, pale pale kijijini, mwaka ambao rika la mtoto lilikuwa liende jandoni, asubuhi moja tulikuta mlango wa Mkunga umefungwa kwa miti. Alikuwa amesema anakwenda kuzalisha ndugu. Hakurudi. Wengine walisema amemuuza mtoto kwa watu waliojenga reli. Wengine walisema hakumuuza, amemla. Mimi nilisema, "Na meno yangu kaenda nayo."

Vita vya Wazungu vilipokuja, chakula kikachukuliwa, vijana wakachukuliwa kubeba mizigo, jando halikuchezwa tena. Ndipo wafanyabiashara wa Kondoa wakaleta habari kwamba Mpwapwa, karibu na wamisheni, wamemwona kijana kiguru mwenye sikio moja lililotobolewa na jingine zima. Baba mkubwa akaja kwetu. Mume wangu alikuwa amekwenda na mizigo, na mimi nilitaka kufika Mpwapwa kuuliza kama yuko hai.

"Utafuatana nami," akasema. "Mimi siwezi kuingia kwa mkwe. Wewe utaingia, utamtazama mdomoni. Nina wasiwasi na meno yale tangu siku ile. Kama pengo lipo, mtoto ni wetu, akae huko mpaka njaa ipite. Kama halipo, nilidanganywa, na nitamng'oa leo leo." Akapigapiga mkoba wake. Kichuma kilikuwa ndani.

Tukaenda. Wanaume wa misheni walitutazama kwa jicho baya, na mimi nikawarudishia. Habari za mume wangu hakuna aliyekuwa nazo. Nikaelekezwa nyuma, kwenye nyumba ndogo ya udongo. Baba mkubwa akabaki uani.

"Mbukwa," nikasalimia mlangoni.

"Mbukwa. Nionyeshe mikono."

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alivipapasa viganja vyangu, akapanda mpaka kwenye vifundo. "Umeolewa. Bangili hizi hukuwa nazo. Vua." Nikavua! Mtu mzima, mke wa mtu, nikavua na kunyanyua mguu.

Kijana alikuwa amelala mle ndani juu ya ngozi, goti limevimba na kufungwa, anasokota kamba. Chini kulikuwa kumefagiliwa, hapakuwa na hata kijiti. Aliponiona akasema, "Dada, yule mbweha alitoka mtungini?"

Nikachezesha masikio. Akacheka. Kule hapakuwa na mtu wa kumtazama mdomoni, na mkono ulikuwa umesahau kazi yake. Akacheka mdomo wazi kabisa, na meno yake ya chini yote yapo, meupe, makubwa kweli, meno ya baba yake. Nilikuwa nimeyatafuta miaka yote ile, na nilipoyaona moyo ukanipasuka kwa furaha, halafu ukaingia baridi, kwa sababu nilikumbuka aliyekuwa uani.

Mkunga alikuwa amekwisha kusogea, ameketi kati yangu na mtoto. "Umetumwa," akasema.

"Nimetumwa."

"Yuko wapi?"

"Hapo nje. Na chuma chake."

Hakulia wala hakuniomba. Alifungua kifuko kiunoni, akatafuta kiganja changu, akaweka meno mawili. "Haya ni yako. Nilitaka kukuletea, sikupata njia. Nilikuchukulia bila kukuomba. Ningekuomba, ungenipa?"

"Nisingekupa."

"Ndiyo maana."

"Na baba yake mkubwa ulimnyima kwa nini? Ungempa siku ile, leo asingekuja."

"Si ya kwao. Meno ya mtu huzikwa kwao. Nilikuwa nakutunzia wewe." Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya goti la mtoto. "Sasa nenda ukamwambie ulichokiona. Macho ya askari hayaachi kitu."

Nikatoka. Nilikuwa nimeyadai meno yale rohoni karibu maisha yangu yote, na sasa yalikuwa kiganjani, ningeweza kwenda nayo kwa mama yangu tukayazika zizini kwetu, nikalala usingizi. Baba mkubwa alisimama. "Vipi?"

"Pengo lipo," nikasema. "Goti limemvimba, hawezi kutoka. Lakini mdomo nimeutazama."

"Uliona vizuri?"

"Na jeraha limepona. Bibi yake amesema ahadi ni ahadi." Nikafungua kiganja.

Aliyachukua, akayaelekeza juani. "Ndiyo yale," akasema. "Hili lililomeguka nalikumbuka." Akayafunga kwenye pindo la nguo yake, mafundo mawili, akaufunga na mkoba wenye chuma. Yamezikwa zizini kwake mpaka leo, kwa jina la mtoto ambaye si wa mama yangu.

Tulipofika njiani niligeuka. Mkunga alikuwa amesimama mlangoni, shingo ameinyoosha, sikio moja amelitega upande wetu, na bangili zangu nilizozisahau ameshika mkononi. Alikuwa haniamini.